Fundi wa Katuba aliyekataa kuniuzia betri

Nianze na bei ya kutengenezewa umeme wa karavani yangu, maana najua ndilo swali mtakalouliza. Kazi ya mikono dola 60, waya dola 48, fyuzi na vikorokoro vyake 22, chaja ya kutoka kwenye gari 95. Jumla dola 225, nimelipa nusu kwa dola na nusu kwa faranga, kwa awamu mbili. Nilikuwa nimekwenda kwake na dola 350 nyingine nimezifunga kwenye ncha ya kitenge, za kununua betri ya lithiamu. Nilirudi nazo nyumbani zikiwa zimefungwa vilevile.

Kwa wasionifahamu, mimi nauza vinywaji baridi na samaki kwa karavani, kile kinyumba cha magurudumu kinachovutwa na gari. Siku Mazembe wanapocheza Kamalondo mtanikuta karibu na uwanja na munkoyo, soda na maji. Katikati ya wiki naivuta hadi Kapolowe, nalala ndani yake kando ya ziwa, alfajiri napokea samaki kutoka kwa wavuvi, narudi Lubumbashi. Karavani yenyewe ilitengenezwa Afrika Kusini kwa watu wa kwenda kupumzika porini, ikaingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa ikiwa na vitanda viwili na pazia za maua. Mlango wake uko kushoto. Kwao magari hupita kushoto, kwa hiyo mtu anashukia kwenye nyasi. Huku kwetu ukifungua mlango pembeni mwa barabara unakutana uso kwa uso na lori la madini. Nimejifunza kuegesha kinyumenyume.

Ndani nina friji ndogo ya kompresa ya volti 12, taa tatu na sehemu ya kuchajia simu. Juu ya paa paneli mbili za jua za wati 100 kila moja. Mbele, kwenye sanduku la juu ya chuma cha kuvutia, betri moja ya asidi ya ampea-saa 100. Wa kwanza kunifungia haya yote alikuwa muuzaji mmoja wa mjini, simtaji, na alinifungia kwa saa moja na nusu huku anaongea na simu. Mwezi wa kwanza kila kitu kilikuwa kinawaka. Mwezi wa pili friji ikaanza kulia usiku na kujizima. Mwezi wa tatu, Kapolowe, saa tisa za usiku, ikanyamaza kabisa na kilo 30 za samaki ndani. Nililala, kama kule ni kulala, kando ya ziwa la bwawa la Mwadingusha, maji yanayozungusha mitambo ya umeme tangu kabla mama yangu hajazaliwa, na mimi sina hata taa ya kuwatazamia samaki wangu wanaoharibika.

Nilimrudia muuzaji. Hakuinua hata kifuniko cha sanduku. Akasema betri imekufa, ninunue ya lithiamu, anayo.

Kaka yangu ndiye aliyenipeleka kwa fundi mmoja wa Katuba, hapa hapa Lubumbashi. Karakana haina kibao, ni mlango wa bati na benchi chini ya mwembe, na fundi mwenyewe, tunamwita papa kwa heshima, ni mzee wa miaka sitini na kitu, alifanya kazi ya umeme wa magari maisha yake yote. Nilimweleza kuwa nimekuja kufungiwa betri ya lithiamu. Akaniuliza, "Mama, hii ya sasa nani ameipima?" Nikamwambia aliyeniuzia. "Alipima kwa nini? Kwa macho?"

Akanirudisha nyumbani. Kweli. Alitaka betri ikae usiku mzima bila kuchajiwa na bila kutumika, ndipo aipime. Niliudhika sana, mafuta ya gari hayaokotwi. Kesho yake aliweka multimeta, kile kipimo cha umeme, kwenye vichwa vya betri: volti 12.1. Akanieleza kwamba betri ya asidi ya volti 12 ikiwa imejaa na imetulia husoma 12.7 au zaidi kidogo, na ikifika 12.2 imebaki nusu tu. Yangu ilikuwa chini ya nusu, baada ya siku mbili za jua kali la mwezi wa nane ambapo sikuigusa. "Huyu hajafa," akasema. "Huyu ana njaa."

Halafu akafanya jambo ambalo yule wa mjini hakulifanya. Akasubiri saa tano, jua limepanda vizuri, akapima mahali pawili. Kwanza kwenye regulata, kile kiboksi kinachopokea umeme wa paneli na kuupima kabla haujaingia kwenye betri. Kilikuwa kimefungwa juu ndani ya kabati, karibu na dari. Pale ilisoma 14.4, ndiyo volti yenyewe inayotakiwa kujaza betri ya asidi. Kisha akatembea mbele hadi kwenye betri, mita sita za waya kutoka pale, akapima tena. 12.9.

Alinipa multimeta nishike mwenyewe nione. Volti moja na nusu ilipotelea njiani. Regulata kule juu inajisomea 14.4 na kujisifu kuwa kazi inakwenda vizuri, inaanza kupunguza umeme. Betri huku chini inapata makombo. Siku nenda siku rudi haijai, na betri ya asidi isiyojazwa muda mrefu hujiharibu yenyewe kwa ndani, bamba zake zinashika ugaga mweupe ambao baadaye hautoki.

Akakata kipande cha ule waya, akakiweka juu ya goti, akakikwangua kwa wembe taratibu kama anayemenya muhogo. Rangi nyekundu ya shaba ikatoka kama vumbi. Chini yake ukatokea weupe. Aluminiamu. Waya mwembamba wa milimita 1.5 za mraba, wa kufungia taa za nyumba, na hata shaba si shaba, imepakwa tu. Papa alinipa kile kipande bila kusema neno. Mtu wa Lubumbashi huvumilia mengi: umeme unakatika, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye unga wa bukari, ugali wetu. Lakini katika mji uliojengwa juu ya mukuba, yaani shaba, wenye bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, kwa alama yake, kuuziwa aluminiamu iliyopakwa shaba! Kile kipande ninacho, nimekitundika kwenye kioo cha gari.

Kazi aliyofanya ni hii. Regulata aliishusha kutoka kwenye kabati, akaifunga ukutani, hata mita moja haifiki kutoka kwenye betri. Waya wote kutoka paani hadi chini akaubadilisha, akaweka wa shaba tupu wa milimita 6 za mraba. Kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, akaweka fyuzi, ya kukata umeme ukizidi. Ule wa zamani haukuwa nayo, kumbe nililala miezi mitatu juu ya moto unaosubiri kiberiti. Jioni ile ile regulata ilisoma 14.4 na betri 14.3 na kitu. Betri ileile, paneli zilezile.

Nilimuuliza sasa kuhusu lithiamu, maana fedha ilikuwa inaniwasha kwenye kitenge. Akasema lithiamu ni nzuri, ni nyepesi, unaweza kuitumia karibu yote badala ya kuishia nusu, lakini inataka chaja zilizopangwa kwa ajili yake, na zangu zote, ya jua na ya ukutani, ni za asidi. "Ukiiweka leo na ule waya wako, mama, ungekuwa na njaa ya bei ghali." Akaniambia niitumie hii hadi ifike mwisho wake, kisha nirudi.

Sasa la chaja, ambalo lilinisumbua muda mrefu. Nina paneli. Nina chaja ya ukutani ya volti 220, naichomeka nyumbani SNEL, shirika la umeme, wakikumbuka mtaa wetu. Na nilitaka gari nalo lichaji wakati navuta karavani kwenda Kapolowe. Kila mtu alikuwa ananionya nisiwashe mbili kwa pamoja, zitapigana, zitalipuka. Papa alicheka. Alinionyesha pipa la maji lililokuwa pale chini ya mwembe. Akina mama watatu wanamimina kwenye pipa moja; kila mmoja anaangalia maji yamefika wapi, haangalii nani ameyaleta. Yakikaribia ukingo, anayemimina kwa fujo anawafanya wengine waone pipa limejaa, wanapumzika. Chaja nazo ndivyo: kila moja inasoma volti za betri tu. Ya ukutani ikiipandisha hadi 14.4, ya jua inadhani kazi imekwisha na kutulia. Hakuna vita. Nimejaribu, ni kweli, tena unaiona taa ya regulata inabadilika.

Gari ndilo lilikuwa na shida yake. Yule wa kwanza alipitisha umeme kwenye plagi ile ile ya taa za nyuma, waya kama uzi. Alternata, ile mashine ya kuzalisha umeme kwenye injini ya gari, mbele inatoa volti 14 na kidogo, ikifika kwenye karavani imechoka. Mbaya zaidi, nikilala Kapolowe na gari limefungwa kwenye karavani, friji ilikuwa inanyonya hadi betri ya gari. Mara mbili nimesukumwa na wavuvi asubuhi, na wavuvi wa Kapolowe hawasukumi bure. Sasa kuna chaja ndogo ya ampea 20 iliyokaa kati ya betri hizi mbili: gari likiwaka inafanya kazi na kuipandisha volti hadi inayotakiwa, gari likizimwa inakata. Waya wake mnene, una plagi yake peke yake, na una fyuzi mbili, moja kila ncha. Nilidhani fyuzi ya pili ni ya kuniongezea bili. Papa akauliza, waya huu ukikatika katikati na kugusa chuma, moto utatoka upande gani? Nikafikiri. Pande zote mbili, kila ncha ina betri. Nikalipa.

Ndani ya mlango wa kabati ameandika kwa kalamu nene: BETRI KWANZA, JUA BAADAYE. Maana yake ukiunganisha, regulata ishikane na betri kwanza ijue ni ya volti ngapi, ndipo paneli. Ukifungua, paneli ndiyo itangulie kutoka. Mpwa wangu alilifuata hilo wiki iliyopita bila kunipigia simu.

Sasa lawama zangu, maana si malaika. Alisema siku mbili, zikawa tano. Hatoi bili ya maandishi hadi umsimamie. Mwandiko wake kwenye lebo za waya hausomeki, nimeandika upya zote. Na kwenye hesabu ya jua tulitofautiana. Regulata yangu ni ya aina ya PWM, inayoishusha paneli hadi volti za betri, kwa hiyo wati 200 za kwenye karatasi zinanipa kama 150 mchana jua likiwa safi. Nilitaka anibadilishie niweke MPPT, inayogeuza zile volti za ziada kuwa ampea. Akasema fedha yangu itafanya kazi zaidi kwenye paneli ya tatu. Basi sikufanya lolote kati ya hayo mawili, na Januari hii, mvua siku nne mfululizo, nililazimika kuzima friji usiku na kununua barafu. Angenisisitizia. Kiangazi kinatosha na kubaki, lakini sisi mvua yetu inaanza Novemba na haina haraka ya kuondoka.

Jambo moja la bure alilonipa: huku kwetu tuko kusini mwa ikweta, kwenye Juni jua la mchana limelalia kaskazini sana, kwa hiyo paneli zilizolala bapa juu ya paa zinapoteza. Amenitengenezea miguu miwili ya kukunja kutoka kwenye mabaki ya fremu ya dirisha. Nikifika ziwani naziinua zitazame kaskazini, nafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, basi. Na nimeacha kuegesha chini ya miti, ingawa mimi mwenyewe naungua.

Ukitaka kwenda, si Jumapili, na si Jumatatu asubuhi. Muulize mtu yeyote karibu na soko la Katuba papa wa betri chini ya mwembe. Usichaji usiku wa kuamkia siku hiyo na uzime friji, vinginevyo atakurudisha nyumbani kama alivyonirudisha mimi, na hatakuomba msamaha wa mafuta.