Sony WM-D6C: kinasa kaseti kinachoiweza vugo

Kila ninapoingia harusini na mashine hii begani, hapakosi msichana wa kuniuliza kwa nini nisitumie simu. Nimeona nimjibu hapa mara moja, yeye na kina dada wengine wanaotaka kuhifadhi nyimbo za bibi zetu lakini hawajui waanze na kifaa gani. Narekodi vugo za Mombasa, zile nyimbo za kina mama za harusini zinazokwenda na pembe zinazogongwa kwa vijiti. Ninachorekodia ni Sony WM-D6C, maarufu kwa jina la Walkman Professional. Ilitoka mwaka 1984 na haitengenezwi tena, kwa hiyo ukiitaka utainunua mkononi mwa mtu.

Vugo ina tabia moja inayovishinda vinasa vingi. Pembe ikigongwa hutoa mlio mkavu, mkali na mfupi sana. Simu nyingi, na karibu redio kaseti zote za mezani, hujipimia sauti zenyewe: ikija kubwa zinapunguza, kukinyamaza zinaongeza. Kwa mtu mmoja anayezungumza, mpango huo si mbaya. Kwa vugo ni balaa. Pembe inalia, mashine inashtuka na kushusha kila kitu, na kabla haijainuka pembe nyingine imeshalia. Sauti za kina mama zinabaki chini muda wote, unasikia vijiti na maneno huyapati. Kisha mwimbishaji anapovuta pumzi kati ya ubeti na ubeti, mashine inapandisha kila kitu ilichokuwa imekishusha, na katika ile nafasi ndogo unasikia feni, vikombe, bodaboda inayopita kichochoroni na mtoto anayelilia soda. Halafu ubeti unaanza na yote yanazama tena. Ukisikiliza nusu saa ya kanda kama hiyo unachoka, na mashairi hayo yana mafumbo yanayotaka kusikika neno kwa neno.

WM-D6C haijipimii. Ina gurudumu la kuzungusha kwa kidole na mstari wa taa ndogo zinazokuonyesha sauti inaingia kwa nguvu gani. Unachoamua mwanzo ndicho kinachobaki. Mimi huwaomba kina mama wagonge pembe kwa nguvu zao zote kabla ya kuanza, nikiwaambia wazi kwamba nataka ule ugongaji wa kelele hasa, si wa adabu. Naangalia taa, nashusha gurudumu mpaka taa ya mwisho inawaka kwa nadra tu, halafu sigusi tena. Pembe inaingia ikiwa pembe, sauti ya bibi inakaa mahali pake, na akinyamaza, kimya kinakuwa kimya. Kwangu hii peke yake imetosha kuifanya mashine hii istahili bei yake.

Jambo la pili ni mwendo. Utepe wa kaseti hupita mbele ya hedi, kile kichwa kinachoandika na kusoma sauti, kwa sentimita 4.76 kwa sekunde, na mashine ikienda chini au juu ya hapo, sauti hubadilika. Mota ya WM-D6C inaongozwa na fuwele ya kwatsi, aina ileile inayoongoza saa za mkononi, kwa hiyo mwendo hauyumbi betri zinapoanza kuchoka.

Umuhimu wake niliuelewa kupitia kaseti za nyumbani kwetu. Zamani jamaa zetu wa Maskati hawakuwa wakiandika barua sana. Walikuwa wakizungumza kwenye kaseti, wakimpa mtu anayesafiri, na huku tukikaa sote kusikiliza: salamu kwa mmoja mmoja, nani kaoa, nani mgonjwa, shairi moja katikati, kisha salamu tena. Nyingi zilirekodiwa kwa redio ambazo betri zake zilikuwa zikiisha. Redio ikipungua mwendo wakati wa kurekodi, ukija kuicheza kwa mwendo ulio sawa sauti inapanda na kukimbia. Ami yangu anaanza akiwa mtu mzima na kufikia mwisho wa kaseti anazungumza kama kijana wa madrasa. WM-D6C ina kirekebishi cha mwendo kwa ajili ya kuchezea. Nimekizungusha polepole upande wote wa kaseti ile, nikiifuata sauti inavyopanda, na ami akabaki na sauti yake mpaka salamu ya mwisho. Shangazi alisikiliza akasema, «Huyo ndiye.» Kwa mwenye sanduku la kaseti za aina hii nyumbani, mashine hii ina kazi hata kama hatarekodi kitu kipya maishani.

Sasa upungufu wake, nao upo.

Haina maiki ndani, lazima ununue ya nje. Mimi natumia maiki moja ya stirio, ya tundu dogo la milimita 3.5, yenye betri yake. Naiweka kwenye kistendi juu kidogo ya vichwa vya waliokaa, uso wake kwa mwimbishaji, na wagongaji pembe nawaomba wakae nyuma yake. Usiiweke jamvini, kila anayepita na sinia ya chai utamsikia. Usiiweke karibu na mashine yenyewe pia, kwa sababu itanasa mota. Waya mrefu kidogo unatatua hilo. Lile tundu dogo ni dhaifu: waya ukivutwa unaleta mikwaruzo, kwa hiyo mimi naufunga kwanza kwenye mkanda wa mfuko wa mashine ndipo nauchomeka.

Haina spika. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Bibi akimaliza kuimba anataka kujisikia hapohapo, na ni haki yake, kwa sababu ndipo anapokwambia «hapa nimeruka beti» au «neno hili msimpe kila mtu». Kumvalisha hedifoni si sawa, wenzake nao wanataka kusikia. Natembea na spika ndogo ya betri ya kuchomeka, mzigo mwingine juu ya mzigo.

Hedi ya kurekodia ndiyo hiyohiyo ya kuchezea. Maana yake, unachosikia kwenye hedifoni wakati wa kurekodi ni kile kinachotoka kwenye maiki, si kilichoshika kwenye utepe. Hedi ikiwa chafu hutajua mpaka mwisho. Rekodi dakika moja, rudisha nyuma, sikiliza, ndipo uanze kazi. Hedi na kigurudumu cha mpira kinachobana utepe nasafisha kwa pamba na spiriti kabla ya kila harusi. Pia kumbuka kwamba mwanzo wa kaseti kuna kipande cha utepe kisichoshika sauti. Kizungushe kwa kidole mpaka utepe wa kahawia utokeze, kisha ndipo ubonyeze. Nimesikia kaseti nyingi za mawaidha zinazoanzia katikati ya Bismillahi kwa ajili ya kipande hicho.

Ina Dolby B na Dolby C za kupunguza ule mvumo wa utepe, na wanaozipenda watakuambia uziwashe daima. Mimi nazizima. Dolby inafaa pale mashine ya kuchezea nayo ina Dolby ileile; redio kaseti za majumbani mwetu hazina, na kanda ikichezwa humo inasikika kali, herufi za s zinachoma masikio. Nakala zangu zinarudi kwa kina mama walioimba, kwa hiyo afadhali mvumo kidogo. Ukitaka mvumo upungue kwa njia nyingine, tafuta kaseti za kromu na ugeuze swichi ya aina ya utepe, ila siku hizi ni za kuvizia. Za kawaida bado zinapatikana mpya, Maxell UR kwa mfano. Nachukua za dakika 60. Za 90 si mbaya, lakini za 120 ziache, utepe wake ni mwembamba mno na hujizonga upesi.

Kuna wanaonunua kaseti za zamani sokoni ili warekodi juu yake. Nawaomba, sikilizeni kwanza. Taarabu nyingi za harusini hapa Mombasa, zikiwemo za mwimbaji Juma Bhalo, zilizunguka mitaani kwa kaseti, na hujui uliyoishika mkononi ina nini mpaka uiweke. Na kanda yako mwenyewe ukishaimaliza, vunja vile vijino viwili vya nyuma ili asije mtu akarekodi juu yake.

Kwa anayetaka kununua: mafundi wote wanaoijua mashine hii watakuambia kuhusu gia ya plastiki ya katikati, ambayo hupasuka kwa uzee, na ikipasuka vigurudumu vya kaseti havizunguki sawasawa. Gia za kubadilisha zinatengenezwa na watu binafsi na zinaagizwa kwa posta, na kazi ya kuiweka inataka fundi mwenye mkono mwepesi. Kapasita za ndani, vile vipande vidogo vinavyohifadhi umeme, nazo huvuja baada ya miaka mingi. Muulize muuzaji kama vitu hivyo vimeshabadilishwa na lini. Nenda na kaseti yako na hedifoni zako. Rekodi noti moja ndefu, ya kinanda au hata filimbi, uisikilize: ikitetemeka, mwendo una kasoro. Jaribu kupeleka mbele na kurudisha nyuma mpaka mwisho wa kaseti pande zote mbili. Zungusha gurudumu la sauti polepole, usikilize kama linakwaruza. Bei ya iliyo nzima imepanda sana, inafika ya simu nzuri mpya, na ile ya bei rahisi kwa kawaida gia yake bado haijabadilishwa, kwa hiyo piga hesabu na malipo ya fundi.

Betri ni nne za AA, zinapatikana kila duka la mtaani, na kuna tundu la umeme la volti 6. Harusini natumia betri tu, kwa sababu umeme wa ukumbi huleta mngurumo wake na unaweza kukatika wakati wowote.

Kuhusu simu, sijaikataa. Nikifika nyumbani natoa sauti kutoka tundu la mashine hadi kwenye kompyuta, na kina mama wanatumiwa nakala kwa WhatsApp usiku huohuo, kwa sababu mabinti zao walioko Dubai na London wanazingoja. Kaseti yenyewe naandika jina la mwimbishaji, mtaa na tarehe, kwa ruhusa yao, na zile nyimbo walizoniambia zisitoke nje ya nyumba hazipandi kwenye kompyuta. Zinabaki kwenye kanda, na kanda anakaa nayo mwenyewe aliyeimba.