Uzoefu wangu na Wii Sports: mchezo wa familia na kamba iliyokatwa kwa mkasi

Nilikuwa nimeazimia kuandika sentensi moja tu, kwamba mtu asinunue mchezo huu ikiwa ana watoto nyumbani. Hasira bado ninayo, na televisheni yetu yenye ufa ingali ukutani hapa Migosi, lakini nitaeleza yote ili msomaji ajue lawama zangu zinamwendea nani.

Miezi kadhaa iliyopita nilinunua Wii, mashine ya michezo ya kuchezwa kwenye televisheni, iliyokwisha kutumika Uingereza, pamoja na diski ya mchezo wa Wii Sports na rimoti mbili, katika duka moja la vifaa vya umeme mjini Kisumu. Nilitaka kitu cha kuwaondoa watoto kwenye simu wakati wa likizo, tena kitu ambacho wangeweza kucheza na bibi yao. Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Dani, alikuwa amekuja kutoka Ahero kwa ajili ya kliniki ya macho. Mashine hiyo ilitoka mwaka 2006, kwa hiyo ni ya zamani, na uzee wake haukunisumbua hata kidogo. Mchezaji huushika mkononi ule mfano wa rimoti ya kawaida, hurusha mkono kana kwamba ana raketi au mpira, na mtu wake kwenye skrini humfuata.

Kila tulipoiwasha, mashine ilituagiza tuvae kamba ya mkononi kabla ya kucheza. Nilisoma agizo hilo, nikazitazama rimoti zetu, nikaona hazina kamba, nikadhani ni pambo ambalo mtu anaweza kuishi bila hilo. Muuzaji hakuwa amenieleza lolote.

Alasiri moja ya Jumapili, katika lile joto la Kisumu ambalo hufanya viganja vilowe bila hata kufanya kazi, kijana wangu wa gredi ya sita alikuwa akicheza tenisi na dada yake. Aliurudisha mpira kwa nguvu zake zote. Rimoti ilimponyoka, ikapita karibu na sikio la binti yangu, ikagonga kioo cha televisheni. Sijawahi kusikia nyumba ikinyamaza namna ile. Kijana alianza kulia kabla sijasema neno, na kwa kweli nilikuwa tayari kumwadhibu.

Nilipoiokota rimoti ndipo nilipoona. Nyuma yake, upande wa chini, pana kitundu kidogo ambacho kamba hupitishwa, na ndani ya kitundu hicho kilikuwa kimebaki kijiuzi cha urefu wa punje ya mchele. Hakikuwa kimechakaa wala kuvutika, bali kilikuwa kimekatwa sawasawa kwa mkasi. Niliichukua rimoti ya pili, nikakuta vivyo hivyo.

Kesho yake nilirudi dukani nikiwa na rimoti zote mbili na risiti. Kwenye msumari nyuma ya kaunta zilikuwa zikining'inia kamba za rimoti hizo hizo, moja kwa shilingi 300. Nilimwuliza muuzaji, kwa upole nilioweza, kwa nini aniuzie rimoti iliyokatwa kamba ilhali kamba anazo na anaziuza kando. Hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Alinijibu, “Mama, bidhaa ikishauzwa hairudi. Wafundishe watoto wako kushika vitu.” Alilisema hilo mbele ya wateja wengine, naye kwa umri ni mdogo kwangu kabisa.

Maneno hayo yananichoma kuliko ule ufa. Mtu anayeuza mashine hizi hawezi kudai kwamba hakujua hatari yake, kwa maana Desemba ya mwaka ule ule wa 2006 watengenezaji wenyewe walitangaza kubadilisha kamba milioni 3.2 bila malipo, baada ya zile za kwanza kukatika na rimoti kuruka mikononi mwa wachezaji. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari zinazohitajika ili azitumie vyema, na haki ya kulindwa usalama wake. Kijana wangu alishika kitu kama mtoto yeyote ashikavyo, na tayari nimemwomba radhi.

Sasa nikirudi kwenye mchezo wenyewe, lazima niwe mkweli. Siku mbili kabla ya mkasa huo, Dani aliombwa na wajukuu ajaribu bolingi, ule mchezo wa kuvingirisha mpira ili uangushe pini zilizosimamishwa mbele. Alivua ndara, akaishika rimoti kwa mikono miwili kama anayeshika mwiko wa kusonga ugali, kisha akaachilia kitufe wakati mkono ungali nyuma. Mpira ukarukia nyuma, watazamaji wa kwenye skrini wakaruka kwa mshtuko, na Dani akawaambia, “Poleni, wanangu.” Alipoelewa kwamba kitufe huachiliwa mkono unapokwenda mbele, aliangusha pini zote kumi, na hatukumtoa hapo mpaka saa ya chakula. Katika bolingi watu wanne wanaweza kupokezana rimoti moja tu, na anayeshindwa hashindwi kwa sababu ya umri. Sijui mchezo mwingine wa skrini ambao ungemweka mwanamke wa miaka yake katikati ya sebule, akishangiliwa na wajukuu.

Kwa hiyo sentensi ile niliyokusudia siwezi kuiandika. Ningeununua tena, ila si katika duka lile, na safari hii ningeiangalia rimoti upande wa chini kabla sijatoa hata shilingi moja. Fundi wa viatu karibu na soko la Kibuye alitutengenezea kamba mbili za nailoni zilizo imara, kwani zile za msumarini nilikataa kumlipa yule muuzaji. Tenisi bado nimeipiga marufuku. Bolingi inaendelea, ingawa doa jeusi limekaa kushoto kidogo ya katikati ya skrini, pale pale inapojipanga pini ya nyuma ya kushoto, na kila mchezaji husubiri hesabu itokee ndipo ajue kama imeanguka.