Uzoefu wangu: Bulabo pale Bujora, uwanja ambao mtazamaji ndiye jaji

Kama unataka kuona ngoma ya Kisukuma, usiridhike na ile ya hotelini. Hapa Mwanza mjini kuna hoteli, sitaitaja, iliyotuuzia "usiku wa utamaduni" kwa bei ambayo ingenipeleka Kisesa na kunirudisha mpaka nichoke. Wachezaji walibanwa kati ya meza za chakula na bwawa la kuogelea. Majembe yalikuwa ya mbao nyepesi ili vigae visipasuke, na wapigaji waliombwa wapunguze sauti kwa sababu kuna wageni walikuwa na maongezi. Bugobogobo, ngoma ya majembe, ya kunong'ona! Nilikula biriani yangu nikaondoka.

Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma na tamasha la ngoma la Bulabo, ni habari nyingine. Ipo Kisesa, wilaya ya Magu, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Unapanda daladala ya Kisesa, inapita Igoma, unashuka Kisesa kwenyewe, halafu bodaboda inakupandisha mlimani. Huna haja ya kueleza sana, ukisema "makumbusho" wanajua.

Mwanzilishi wa mahali hapa ni Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadri Weupe, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Alifanya kazi hapo kuanzia miaka ya 1950, na makumbusho yalifunguliwa mwaka 1968. Alichofanya ni kitu ambacho wamisionari wengi wa wakati wake wasingekigusa: badala ya kuifukuza ngoma kanisani, aliipa uwanja mlangoni pake. Kanisa lenyewe ni la duara, kwa mfano wa nyumba ya mtemi, yaani chifu wa Kisukuma. Na Bulabo, tamasha nililolifuata, limeshikamana na sikukuu ya Ekaristi, kwa hiyo tarehe yake inahama kila mwaka kufuata Pasaka. Mara nyingi inaangukia Juni, watu wakiwa wameshatoa mazao shambani na wana nafasi ya kucheza. Kunaanza misa na maandamano ya Ekaristi yenye maua. Ukichelewa misa utapata ngoma, kwa maana mashindano hayaishi siku hiyohiyo. Lakini usichelewe misa. Ngoma zikipigwa ndani ya lile duara la kanisa unazisikia mpaka kwenye benchi ulilokalia.

Sasa mashindano. Hapa ndipo nataka nikae kidogo.

Usukumani kuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Bagika wanajinasibisha na Ngika, Bagalu wanajinasibisha na Gumha, mafundi wawili wa dawa na ngoma wa karne ya 19 walioshindana nani zaidi, na wafuasi wao hawajaumaliza ubishi huo hadi leo. Utaratibu wa kushindana ndio ulionishika. Kundi la huku na kundi la kule yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kundi na duara lake. Wewe mtazamaji hupewi kadi wala karatasi ya kura. Unapiga kura kwa miguu: ukivutiwa na wale, unahama. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Mchezaji haombi huruma ya mtu aliyekaa mezani na kalamu. Anaona kwa macho yake watu wakimkimbia, na inabidi afanye jambo sasa hivi.

Ndiyo maana kuna nyoka. Ndiyo maana kuna masanamu ya mbao, mavazi ya manyoya, na vituko ambavyo mgeni anaweza kudhani ni vya kumtisha tu. Vyote ni vya kuwarudisha watu. Nilikuwa upande wa Bagalu, nimejipenyeza hadi karibu na ngoma kubwa, mara upande wa pili ukalipuka kelele, na nusu ya waliokuwa karibu nami wakachomoka mbio. Hata mama aliyekuwa anauza karanga alibeba ungo wake akaenda nao. Na mimi nikainua mguu. Mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda chake, mkongojo mapajani, akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, unakwenda wapi?"

"Shikamoo babu. Naenda kuona kule kuna nini."

"Marahaba. Kule kuna migongo ya watu. Tulia hapa, watarudi, nawe utakuwa mbele."

Nikamuuliza yeye ni wa upande gani. Akasema ni Mgika, tangu kwa baba yake. "Sasa babu, mbona umekaa kwa Bagalu?" Akacheka. "Hawa leo wana manju, yaani kiongozi wa nyimbo, anayejua kututukana vizuri."

Kweli, manju wao alikuwa moto. Kisukuma changu ni cha kusalimia na kununulia samaki, mwangaluka na mwadila, kwa hiyo babu akawa ananitafsiria vipande: wapinzani wameambiwa wanacheza kama wanaodaiwa, na kiongozi wao eti amekuja na dawa iliyokwisha muda. Kila mstari ulipokelewa kwa vifijo. Habari ya dawa usiipuuze, kwa sababu wenyewe hawaipuuzi. Ukiuliza kwa nini umati umehama, wengi watakwambia fulani ana samba kali, yaani dawa ya kuvuta watu. Mimi kwa macho yangu niliona ni mpiga ngoma. Alipobadilisha mwendo, wachezaji wakashuka wote pamoja, majembe ya chuma yakarushwa juu, yakazungushwa, yakadakwa, na vumbi likatimka hadi kiunoni. Bugobogobo ilizaliwa shambani, watu wakilima kwa zamu na ngoma ikiwasukuma, na pale unaelewa kwa nini ngoma ile isiyo na vumbi haikamiliki. Kisha chatu akatolewa kwenye sanduku. Umati ukarudi mbio kama babu alivyosema, nami nikajikuta mstari wa mbele, karibu kuliko nilivyopenda.

Nitasema jambo ambalo wapenzi wa nyoka hawatakubali: kilichonibamba zaidi ni wigashe. Vijana wanacheza wamekaa, safu kwa safu, wanaimba huku wakienda na mabega, mikono na vichwa tu. Hakuna jembe, hakuna mnyama. Sauti zinapandana polepole mpaka unajikuta unayumba nazo. Watazamaji hawakuwa wengi, na nusu yao waliondoka aliposikika mtu akitaja chatu. Hasara yao.

Makumbusho yenyewe usiyaweke siku ya Bulabo. Nilijaribu nikakata tamaa, maana ukiwa banda hili masikio yako uwanjani. Nenda siku ya kawaida, tena baada ya kuona ngoma, si kabla. Wapo wanaoshauri uanze na makumbusho ili "uelewe", mimi siafiki. Vifaa vya vyama vya ngoma vikiwa vimetundikwa havisemi kitu kwa mtu ambaye hajaona vikichezewa. Ukishaona, unasimama mbele ya njuga unasikia miguu. Banda la ngoma za watemi ndilo nililokaa sana: limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na ndani mna ngoma za kifalme ambazo hazikupigwa kwa kujifurahisha, zilikuwa sehemu ya utemi wenyewe. Kuna pia nyumba ya kienyeji na sehemu ya wahunzi. Chukua mtu wa kukutembeza. Bila yeye utaona vitu tu.

Mambo ya matumizi. Viti ni vyako mwenyewe, ndiyo maana wazee wanakuja na vigoda, nimeshanunua changu. Jua la Juni huku ziwani linadanganya, upepo unakupoza huku ngozi inaungua, kwa hiyo kofia na maji. Mwenye kifua kibovu afikirie vumbi. Watoto wanafurahi kupita maelezo, ila uwashike mkono umati unapohama, kwani hakuna anayetazama chini. Picha, omba kwanza, hasa kwa wachezaji wa nyoka. Na ubadilishe fedha iwe ndogondogo kabla hujapanda mlima: mchezaji akikufurahisha unaingia duarani kumtunza, na noti ya elfu kumi haina chenji pale katikati. Babu alinituma nikamtunze yule manju kwa niaba yake, kwa sababu yeye, Mgika, hawezi kuonekana.