Wino Gani kwa Nibu Pana ya Italiki? Uzoefu Wangu

Kalamu ya wino ninayoandikia zaidi siku hizi ni Lamy Safari iliyofungwa nibu (kipande cha chuma cha kuandikia) ya italiki, yaani ya mwandiko wa mistari minene na myembamba, yenye upana wa milimita 1.5. Nimeijaza wino wa watengenezaji mbalimbali, kwenye karatasi nzuri na karatasi za kawaida, na nimefikia msimamo mmoja: wino wa nibu pana upimwe kwa mstari mwembamba, si kwa mstari mnene.

Najua macho yote hukimbilia mstari mnene, na rangi huonekana pale. Lakini karibu kila wino hupendeza ukilazwa kwa upana wa milimita moja na nusu, kwa hiyo mstari huo haukuambii mengi. Ncha ya nibu hii imekatwa bapa kama patasi. Ukiishika kwa pembe ya nyuzi 45, mstari unaoshuka kuelekea kulia hutoka mnene kabisa, na ule unaopanda kuelekea kulia hutoka mwembamba kabisa. Uzuri wote wa mwandiko wa italiki umo katika tofauti ya mistari hiyo miwili. Wino ukivimba kwenye mstari mwembamba, tofauti inapungua na herufi inakuwa nzito. Wino ukikauka kabla mstari haujaisha, herufi inabaki na pengo.

Kabla ya rangi, basi, kuna mtiririko. Lamy hutumia kipande kilekile cha plastiki cha kupelekea wino chini ya nibu zote zinazoingia kwenye Safari, kuanzia ile nyembamba kabisa hadi ya milimita 1.9. Nibu yenyewe unaichomoa kwa kuivuta mbele, unaweka nyingine, na kalamu inaendelea. Jambo hilo ni raha kubwa kwa anayependa kulinganisha, ila lina matokeo yake: nibu pana inafunika eneo kubwa zaidi la karatasi kwa kila mstari, na inategemea njia ileile ya wino. Wino mzito wa kutiririka, ambao kwenye nibu nyembamba haukuonyesha dalili yoyote, hapa unaweza kuchelewa. Utaona mstari mnene umegawanyika, kingo mbili zina rangi na katikati peupe. Nilikutana na hali hiyo kwa wino mmoja mweusi ambao kwenye nibu nyembamba ulikuwa hauna kasoro. Kama nibu ni mpya, ioshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo kisha isuuze vizuri, maana mafuta ya kiwandani nayo huzuia wino. Hali ikiendelea baada ya hapo, badilisha wino.

Pilot Iroshizuku Kon-peki ndio wino ninaompa mtu anayejaza nibu pana kwa mara ya kwanza. Ni buluu ya anga iliyokolea, unatiririka kwa wingi, na nibu inaanza kuandika mara tu inapogusa karatasi. Hata mkono ukienda haraka, mstari mnene unajaa kutoka ukingo hadi ukingo. Wingi huo una masharti yake. Kwenye karatasi laini isiyonyonya sana, kama Rhodia au Clairefontaine, mstari mwembamba unabaki mwembamba. Kwenye karatasi ya kunakilia ya kawaida, wino wowote wa maji mengi hutambaa kwenye nyuzi za karatasi na mstari mwembamba hunenepa. Kwa hiyo huu ni wino wa daftari zuri.

Pelikan 4001, ile buluu yao ya Royal Blue, uko upande wa pili kabisa. Mtiririko wake ni wa kubana, yaani wino unatoka kwa uchache, na watumiaji wa kalamu za wino wanaujua hivyo. Mimi naupenda kwa sababu hiyohiyo. Mstari mwembamba unatoka umenyooka, kingo zimekatika safi, hata kwenye karatasi isiyo ya hali ya juu. Unataka mkono wa taratibu, na italiki nayo inataka mkono wa taratibu, kwa hiyo vinakwenda pamoja. Kumbuka tu kwamba buluu hii inafutika kwa maji na kwa kalamu ya kufutia. Usiitumie kwa hati za kutunza.

Kwa anayetafuta rangi inayokolea na kupauka ndani ya herufi moja, Noodler's Apache Sunset hauna mpinzani kwangu. Herufi inaanza na manjano, inashuka hadi rangi ya chungwa, na pale kalamu inapotua mwishoni mwa mstari inakusanyika karibu na kahawia. Hapa nibu pana ndiyo inayofanya kazi: wino unalazwa kwa wingi, unachelewa kukauka, unateremka na kujikusanya mwisho wa mstari. Ukiutia wino huohuo kwenye nibu nyembamba unapata rangi ya chungwa tu, na hutaelewa watu wanasifia nini. Hata hivyo, naupeleka kwenye vichwa vya habari na kadi, si kwenye barua ndefu. Manjano ya mstari mwembamba hafifu huchosha macho yakisomwa kwa ukurasa mzima, na hilo linanirudisha palepale kwenye mstari mwembamba.

J. Herbin Emerald of Chivor, wenye unga wa dhahabu ndani yake na mng'ao mwekundu juu ya kijani-buluu, nautumia kwa nadra na kwa furaha kubwa. Nibu pana inapitisha unga huo bila shida. Tikisa chupa kabla ya kujaza, igeuze kalamu mara kwa mara wakati wa kuandika ili unga usitulie chini, na uoshe kalamu ukimaliza.

Kuna aina nyingine za wino zinazosifika kwa mng'ao mzito wa rangi ya pili, na hizo sizipendekezi kwa nibu pana. Mng'ao unatokana na rangi nyingi kukaa juu ya karatasi badala ya kuzama. Nibu pana inapolaza wino mwingi, rangi hiyo inabaki juu na kuchafua kiganja hata siku ya pili. Kwenye picha inapendeza sana. Kwenye ukurasa unaokusudia kuufunga na kuufungua tena, inaudhi.

Wino uliobaki ndani ya kalamu yangu ni Salix wa Rohrer & Klingner. Huu ni wa jamii ya zamani, unaotengenezwa kwa chumvi ya chuma na tanini, kemikali ya mimea. Unapoandika unatoka buluu nyepesi, kisha hewa inapougusa unageuka taratibu kuwa buluu ya kijivu iliyokolea. Unaweza kuandika aya na kuona mistari ya juu imeshakuwa na rangi tofauti na ile unayoandika sasa. Kinachonishika zaidi ni tabia yake kwenye karatasi: hautambai. Mstari mwembamba ni unywele, na ule mnene umejaa bila kuvuka kingo zake. Hata karatasi ya kawaida, ambayo ingeharibu wino mwingine, inapokea Salix kwa adabu. Ukishakauka unavumilia maji vizuri, kwa hiyo barua na bahasha ninaziandika kwa huo bila wasiwasi.

Matunzo yake lazima yazingatiwe. Wino wa aina hii una asidi, na mashapo yake yakikaukia ndani ya kalamu huwa magumu kuondoa. Usiuache kalamuni bila kuandika kwa wiki nyingi, suuza kwa maji safi kabla ya kujaza tena, na usiuchanganye na wino mwingine wowote.

Kama nibu yako ni ya milimita 1.1, una uhuru zaidi, maana hata wino wa kubana unatosha. Kwa 1.9 mimi ningebaki na Kon-peki au ndugu zake wa Iroshizuku. Ukubwa wa herufi nao uangalie: kwa mwandiko wa italiki, urefu wa herufi ndogo kama "a" na "n" huwa upana wa nibu mara tano, yaani kwa 1.5 ni milimita 7.5. Ukibana herufi chini ya hapo, matumbo ya "e" na "a" yanajaa wino na utailaumu chupa bure.

Na kabla ya kununua chupa nzima, tafuta sampuli ya mililita 2. Inatosha kurasa kadhaa hata kwa nibu inayokunywa wino namna hii. Andika "n" na "m" mstari mzima kwenye karatasi unayoitumia kila siku, acha zikauke, kisha tazama mistari inayopanda.