Zana za Kujaribu Kiolesura cha Programu za Wavuti: Ipi Uichague na Lini Ulipie

Anayetafuta zana ya kujaribu kiolesura kiotomatiki, yaani zana inayofungua kivinjari, kujaza fomu, kubofya vitufe na kuhakikisha kwamba ukurasa umejibu inavyotakiwa, hukutana mapema na jambo linalochanganya: zana zinazoongoza katika soko hili ni za chanzo huria na hazidai ada ya leseni. Gharama halisi iko katika saa za watu watakaoandika majaribio na kuyarekebisha kila ukurasa unapobadilika, na ndiyo maana nimezipanga zana hizi kwa kuzingatia mzigo wa matunzo, wala si wingi wa vipengele vinavyotangazwa.

Majaribio ya kiolesura huharibika hasa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni muda. Mtumiaji anapobofya kitufe cha kuingia, ukurasa huomba data kutoka kwenye seva, na majibu huweza kufika baada ya nusu sekunde leo na baada ya sekunde tatu kesho seva ikielemewa. Jaribio lisilojua kusubiri hutafuta kitu ambacho bado hakijaonekana, kisha likafeli, ingawa programu yenyewe haina kasoro. Timu nyingi hujaribu kulitibu tatizo hili kwa kuingiza amri ya kusimama sekunde tano, na matokeo yake ni kwamba majaribio huenda polepole hata seva ikiwa nyepesi, na bado hufeli siku ambayo seva inachukua sekunde sita. Ya pili ni namna ya kukitambua kitu kwenye ukurasa. Jaribio lililoagizwa libofye kitufe cha tatu ndani ya kisanduku cha pili huvunjika mara tu msanifu anapoongeza kisanduku kimoja juu yake, ilhali lile lililoagizwa libofye kitufe kinachosomeka “Tuma” huendelea kufanya kazi. Majaribio yanayoyumba namna hii yana madhara kuliko kutokuwa na majaribio kabisa, kwa sababu watu huzoea kuyapuuza, na siku kasoro ya kweli inapojitokeza hakuna anayeshtuka.

Kwa timu inayoanza leo, nafasi ya kwanza naipa Playwright bila kusita. Ilitolewa na Microsoft mwaka 2020, na waanzilishi wake walikuwa wamefanya kazi kwenye Puppeteer, zana ya kuongoza kivinjari kwa msimbo, huko Google, kwa hiyo waliyafahamu vizuri matatizo niliyoyaeleza. Kabla ya kubofya kitufe, Playwright yenyewe huhakikisha kwamba kitufe kinaonekana, kimetulia mahali pake, hakijafunikwa na kitu kingine na hakijazimwa. Humhimiza pia mwandishi atambue vitu kwa jukumu lake (kwa mfano kitufe au kiungo) na jina lake, taarifa zilezile ambazo visoma skrini vya watu wasioona huzitegemea. Kwa hiyo kitufe ambacho jaribio haliwezi kukipata kwa njia hiyo, mara nyingi ni kitufe ambacho mtumiaji asiyeona naye hawezi kukitambua. Jaribio likifeli, unaweza kufungua kumbukumbu yake na kuona picha ya ukurasa katika kila hatua pamoja na maombi yaliyokwenda kwenye seva, jambo linalookoa saa nyingi za kubahatisha. Inatumika kwa JavaScript, TypeScript, Python, Java na C#, na huendesha Chromium (msingi wa Chrome), Firefox na WebKit. Zingatia tu kwamba WebKit ni injini iliyo ndani ya Safari, kivinjari cha Apple. Si Safari yenyewe inayotumiwa na wateja wako.

Selenium inashika nafasi ya pili, na katika mazingira fulani inastahili ya kwanza. Jason Huggins aliianzisha mwaka 2004 akiwa ThoughtWorks mjini Chicago, na itifaki yake ya WebDriver, yaani kanuni za jaribio kuwasiliana na kivinjari, ikawa kiwango rasmi cha W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, mwaka 2018, ndiyo sababu watengenezaji wa vivinjari wenyewe hutoa viendeshi vyake, yaani programu ndogo zinazopokea amri za jaribio na kuzipeleka kwenye kivinjari. Ukihitaji kujaribu Safari halisi, au ukiwa tayari na maelfu ya majaribio yaliyoandikwa kwa Java au Ruby, sioni sababu ya kuhama. Udhaifu wake ni kusubiri: isipoelekezwa vinginevyo, muda wake wa kusubiri kitu kionekane ni sekunde 0, kwa hiyo ubora wa majaribio hutegemea sana nidhamu ya anayeyaandika. Kero ya zamani ya kupakua kiendeshi kinacholingana na toleo la kivinjari imekwisha tangu toleo la 4.6, linaloifanya kazi hiyo lenyewe.

Cypress ni ya tatu. Hukimbia ndani ya kivinjari sambamba na programu inayojaribiwa, husubiri kwa kawaida hadi sekunde 4 kabla ya kukata tamaa, na humwezesha msanidi kutazama kila hatua ikitendeka, kwa hiyo watengenezaji wa sehemu ya mbele huipenda mno. Hata hivyo, inakubali JavaScript na TypeScript pekee, na usanifu wake hauiruhusu kuongoza vichupo viwili kwa pamoja. Programu ni ya bure. Huduma yake ya wingu hulipiwa, na gharama hupanda kadiri matokeo ya majaribio yanavyoongezeka, kwa hiyo piga hesabu mapema.

Robot Framework, iliyozaliwa Nokia, naiweka ya nne. Hatua zake huandikwa kwa maneno ya kawaida, hata kwa Kiswahili, na mtu wa biashara asiyejua msimbo anaweza kuzisoma na kuzikosoa.

Zana za kulipia kama TestComplete, Ranorex na zile za OpenText huja mwisho kwa anayejaribu wavuti pekee. Zina thamani pale ambapo timu hiyohiyo inajaribu pia programu za kompyuta za mezani, au inapohitaji msaada wa kimkataba. Usivutwe na kirekodi, yaani kipengele kinachonasa mibofyo yako na kuigeuza kuwa jaribio, peke yake: kurekodi hutoa rasimu ya jaribio, na bado mtu mwenye ujuzi lazima aisafishe. Uliza kama leseni imefungwa kwenye mashine moja au inazunguka miongoni mwa watumiaji, na kama seva ya majaribio ya usiku inahitaji leseni yake yenyewe.

Huduma za kukodi vivinjari, kama BrowserStack na Sauce Labs, ni ununuzi mwingine kabisa. Huuzwa kwa kawaida kwa idadi ya majaribio yanayokwenda sambamba: majaribio 300 ya dakika moja moja huchukua saa 5 yakifuatana, na dakika 30 yakienda kumi kwa pamoja. Nunua huduma hiyo kwa ajili ya vifaa na vivinjari usivyoweza kuvipata, na mengine yaendeshe kwenye seva yako.

Kabla ya kusaini chochote, chukua njia ngumu kuliko zote anayopitia mtumiaji katika programu yako, kwa mfano malipo yanayofunguka ndani ya fremu ya kampuni nyingine, uiandikie jaribio kwa kila zana inayoshindana. Liendeshe mara 50 bila kubadilisha kitu. Zana ambayo matokeo yake yanageuka iondoe. Kisha mwambie msanifu aupange upya ukurasa huo, upime muda wa kulirekebisha jaribio. Protractor, zana ya kujaribu programu zilizojengwa kwa Angular, ilifikia mwisho wake mwaka 2023 na timu zilizoitegemea zikalazimika kuhama, kwa hiyo muuzaji wa zana ya kulipia mtake akutolee jaribio hilo katika faili la maandishi ya kawaida, akuoneshe kama linaweza kuendeshwa bila leseni yake.