Pikapu yangu baada ya miezi 11: waranti, ule mlio wa "gu!" na nazi 800

Haya jamani, habari za saa hizi. Niko Mikindani, nimeegesha kando ya bahari, ndiyo maana mnasikia upepo, mtanivumilia. Wengi mmeniulizia ile pikapu niliyowaonyesha ikiwa bado na nailoni kwenye viti. Sasa ina miezi 11 na kilomita 23,000. Jina la kampuni silitaji, na walioniuzia siwataji. Anayeijua kwa sura ameshaijua.

Nianze na mepesi. Injini, sina neno. Mafuta inakunywa kwa adabu. AC inapoza hata saa nane mchana pale Masasi, na Masasi mnaijua. Viti vya nyuma ni adhabu: mpakie mtu mzima mpaka Tandahimba, atashuka hakusemeshi. Basi, hayo yatosha. Tuje kwenye mlio.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo pikapu hii kazi yake ni saruji. Napakia Msijute kiwandani, napeleka kwa wateja. Siku moja nina mzigo, natia gia ya kwanza, naachia klachi: gu! Kama mtu kapiga bodi teke kutoka chini. Gari likatetemeka kidogo, nikaweka gia ya pili, likatulia. Nikashusha mzigo, nikarudi mjini mtupu. Kimya! Kama halijawahi kutenda kosa maishani.

Mume wangu akasema ni tairi la akiba limelegea. Tukalikaza. Kesho yake, gu!

Kijitabu cha waranti kinasema miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Safi. Ila gereji yao ya kazi za waranti iko Dar. Hapa Mtwara wana duka la vipuri tu. Dar ni kilomita 560 hivi kutoka hapa, mafuta juu yangu. Nikaenda. Na nilikwenda na gari tupu, hilo kosa ni langu.

Kijana wa mapokezi, mpole kweli, akaniuliza, "Mama, huna sufuria au jeki iliyolegea huko nyuma?" Sufuria! Wakalizungusha kwenye lami dakika kumi, wakarudi, wakaandika "mlio haukusikika". Nikakabidhiwa funguo, gari limeoshwa linang'aa. Kwa kuosha nawashukuru.

Lakini siku ile nilikataa kusaini mpaka maneno yangu yaandikwe kwenye karatasi yao ya kazi: linagonga likiondoka na mzigo. Pamoja na tarehe na kilomita. Nikaomba nakala. Kijana alinuna kidogo, akaandika. Ile karatasi ndiyo inayosema kwamba nililalamika nikiwa ndani ya waranti, hata kama tatizo lingekuja kuonekana mwaka wa nne.

Nikarudi Mtwara, nikaenda kwa fundi wangu Chikongola. Akaniambia, "Dada, chini ya gari hili sifungui hata bolti moja. Nikifungua, watasema mimi ndiye niliyeharibu." Akavuta kigoda, akaanza kuniuliza kama daktari. Linalia ukikata kona? Hapana. Sauti inapanda kadiri mwendo unavyopanda? Hapana. Basi beringi za tairi tuziache. Linalia kwenye mashimo? Hapana. Basi springi na shokapu nazo zipumzike. Kwa hiyo ni ukiondoka tu, na mzigo tu? Ndiyo, fundi. Akachungulia uvunguni, akasema, "Propela."

Nieleze kidogo hapa. Propela ni ule mtaimbo wa chini unaopeleka nguvu kutoka gia boksi mpaka tairi za nyuma. Pikapu ndefu kama hii, propela yake ina vipande viwili. Pale katikati imeshikwa na senta beringi, na hiyo beringi imekaa ndani ya mpira. Ukipakia mzigo, bodi inashuka, pembe ya propela inabadilika. Kama mpira umechanika, ukiachia klachi propela inaruka na kugonga. Gari likiwa tupu, kila kitu kimekaa mahali pake, utasikia nini?

Sasa ushahidi. Mnaiona hii maiki niliyoibana kwenye kanga? Ndiyo iliyofanya kazi. Fundi aliivisha sifongo, akaifunga chini kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kwanza karibu na springi, halafu kwenye difu, lile bonge la katikati ya ekseli ya nyuma, halafu karibu na senta beringi. Kila mahali naondoka mara tatu na mzigo, sauti inaingia kwenye simu. Sikilizeni ya springi... mnasikia? Kwa mbali. Hii ya difu... imesogea. Na hii ya katikati... Eeh! Mwenye hedifoni samahani.

Safari ya pili ya Dar sikwenda mtupu tena. Kubeba saruji kuipeleka Dar ningechekwa, nikapakia nazi 800. Pale getini mlinzi ananiambia, "Mama, hapa tunatengeneza magari, nazi hatununui." Nikamwambia aniitie fundi mkuu. Fundi mkuu akaja, nikampa nakala ya karatasi, nikamsikilizisha sauti, akapanda. Hatukufika hata mita 20. Gu! Akageuka kuniangalia, akasema, "Rudi ndani, mama."

Wakalipandisha kwenye lifti. Mpira wa senta beringi ulikuwa umeachana na chuma chake upande mmoja. Hapo wakajaribu kunipima: eti labda nazidisha mzigo. Kijitabu kinaruhusu tani moja. Nikatoa risiti za saruji, mifuko 18 kila safari, kilo 900. Maneno yakaisha.

Kipuri walikuwa hawana, nikalala Dar siku tatu. Beringi bure, ufundi bure. Gesti na mafuta ya safari zote mbili nimelipa mwenyewe, na hilo kijitabu hakiligusi kabisa. Kama unanunua gari jipya na unaishi kusini huku, uliza gereji ya waranti iko wapi kabla hujauliza bei. Nazi niliziuza Mbagala, zikarudisha mafuta ya safari ya pili. Ya kwanza imekwenda na maji.

Maksi? Gari naliwekea nane kati ya kumi. Waranti, sita. Lile la sufuria bado sijalisamehe.

Na beringi mpya haina miaka 3 yake yenyewe, inafuata ileile ya gari, kwa hiyo imebakiwa na miaka miwili na kidogo. Tarehe nimeiandika kwa kalamu ya rangi hapa ndani ya mlango wa dashibodi, sogeza kamera... mnaiona? Jumatatu napakia Msijute. Nitawawekea sauti.