Saa mbili Namanga, nusu saa kwa Karen Blixen

Nililipia safari ya kwenda Nairobi na kurudi Arusha siku hiyo hiyo ili nikaione nyumba ya mwandishi Karen Blixen, ambayo sasa ni makumbusho. Nilichokiona zaidi ni Namanga, pale mpakani. Waandaaji walituahidi kwamba wasio na pasi watatengenezewa hati za muda. Kufika mpakani, wenzetu wanne hawana chochote, na yule kijana msimamizi ndiyo kwanza anaanza kupiga simu. Zaidi ya saa mbili tumo ndani ya Kosta, jua linawaka, wa kutuambia samahani hayupo.

Tukafika jioni, wanakaribia kufunga. Tukapewa nusu saa. Nusu saa!

Nyumba yenyewe sina neno nayo. Ni nzuri kuliko nilivyowaza, kuta za mawe, na vilima vya Ngong unaviona kutoka uani. Mama huyu wa Denmark aliishi pale tangu 1917 hadi 1931, shamba lake la kahawa lilipomshinda akarudi kwao, na 1937 akatoa kitabu cha maisha yake ya pale. Binti aliyetutembeza, mpole sana, alitusimulia habari za Kamante, mtoto wa Kikikuyu aliyekuwa na vidonda miguuni, akatibiwa, akaja kuwa mpishi wa nyumba ile. Kwa ajili ya binti yule ningetoa nyota tano.

Lakini mimi nilifuata kahawa. Nimekulia Machame, Kilimanjaro, kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, nimechuma kahawa kabla sijaanza shule. Blixen mwenyewe aliandika kwamba shamba lake lilikuwa juu kidogo kwa kahawa. Nilimwelewa papo hapo, maana babu hakupanda mibuni kule juu karibu na msitu, alisema baridi itaimaliza. Mtambo wake wa kahawa bado upo nje, chini ya miti, umeota kutu. Ndiyo kwanza nimeweka kiganja juu ya chuma kile, bado kina joto la mchana, honi ikalia. Ndefu.

Nikamwambia yule msimamizi, "Kijana wangu, dakika tano tu."

Akanijibu mbele ya watu wote, "Mama, hicho ni chuma chakavu, Arusha pale Unga Limited vimejaa tele. Panda gari."

Chuma chakavu! Shamba lililokula jasho la Wakikuyu miaka yote ile, na mwishowe likamfilisi mwenyewe! Sikumjibu. Nilipanda, machozi yakinilenga mpaka Kajiado.

Nilitaka kuandika kwamba nendeni ila msipite kwa hawa. Sasa naona safari ya siku moja kutoka Arusha haifai kabisa, upite kwa nani upite kwa nani; karibu kilomita 270 kwenda, na nyingine kurudi. Ila nikimkumbuka yule binti, basi, nendeni, mkalale Nairobi, asubuhi mwingie bila haraka. Mimi hela ya chakula cha mchana ambacho hatukukiona bado nawadai. Nimeshapiga simu ofisini kwao mara tatu.